Anza na Vidole: Kujikagua Ngozi kwa Mwenye Ualbino Aliyewahi Kutibiwa Saratani

Shikamooni wazee wetu. Ndugu zangu mliopitia matibabu ya saratani ya ngozi, wazazi, wake na waume mliowasindikiza, na wenzetu mnaohudumu kwenye zahanati na vituo vya afya, habari za asubuhi.

Siku ya kuruhusiwa kurudi nyumbani, mgonjwa huambiwa, "Uwe unajikagua." Kisha anaitwa anayefuata. Mara nyingi haambiwi aanzie wapi, atafute nini, wala akikiona afanye nini. Na anayeambiwa hivyo ni mtu mwenye ualbino: macho yake yanacheza, mwanga unamuumiza, na hata akivaa miwani vitu vidogo vinampotea. Akirudi baadaye na kidonda nyuma ya sikio, anaulizwa kwa nini amechelewa. Swali hilo linamwonea. Hakuna anayejiamini katika kazi ambayo hajawahi kuonyeshwa inavyofanywa.

Basi leo tuionyeshe kazi yenyewe. Jambo tunalotaka mwondoke nalo ni kwamba kwa mwenye ualbino ukaguzi wa ngozi huanza na vidole. Macho yanafuata nyuma, na simu na ndugu wa nyumbani wanasaidia pale macho yanaposhindwa.

Sababu yake ni hii. Saratani inayowapata zaidi wenye ualbino hapa kwetu ni ya skwamosi, ile inayoanzia kwenye seli za tabaka la juu la ngozi. Mara nyingi hutanguliwa na gamba la jua: kipande kidogo cha ngozi chenye upana wa milimita chache, chekundu kidogo au chenye rangi ileile ya ngozi yako. Ukikitazama, huenda usikione kabisa. Ukikipapasa, kinakwaruza kama msasa. Unaweza kukibandua kwa kucha ukadhani yameisha, na baada ya muda mfupi kimerudi palepale. Katika hatua hiyo kinatibiwa bila kisu, kwa kugandishwa na nitrojeni ya kimiminika au kwa krimu ya fluorourasili. Si kila gamba hugeuka kuwa saratani. Lakini lile linalogeuka huanza kunenepa, linaota kinundu kigumu au pembe ndogo, mwisho linachimbika kidonda. Kidole hulipata wakati bado linakwaruza tu, na hapo ndipo tunapotaka lipatikane.

Nyingine ni ya basali. Hii ni kinundu kinachong'aa, kingo zimeinuka na katikati pamebonyea. Kinavuja damu kidogo, kinafunga kigaga, kinavuja tena. Melanoma, saratani ya seli zinazotengeneza rangi ya ngozi, ni nadra kwa mwenye ualbino, ila ikitokea inaweza kukosa weusi wowote, ikawa kinundu cha waridi tu. Ndiyo maana mabango yanayofundisha watu kutafuta doa jeusi lenye kingo zisizo sawa hayakutoshi wewe. Yaliandikwa kwa ajili ya ngozi nyingine.

Sasa, kujikagua si kujipima saratani. Hilo ni kazi ya daktari na maabara. Wewe unajibu maswali matatu tu: je, kuna kitu kipya? Je, kuna kilichobadilika tangu mwezi uliopita? Je, kuna kidonda au kigaga kilichogoma kupona kwa wiki 4? Likijibiwa "ndiyo" hata moja, unakwenda kuonyesha. Yote yakijibiwa "hapana," unafunga daftari mpaka mwezi ujao. Wengi wanaogopa kujikagua kwa sababu wanadhani wanatakiwa kutoa hukumu peke yao chumbani. Hamtakiwi.

Na ni mara moja kwa mwezi. Chagueni siku isiyosahaulika, tuseme Jumamosi ya kwanza. Anayejikagua kila siku anapata hasara mbili: hawezi kuona mabadiliko kwa sababu yanakwenda polepole mno kwa jicho la kila siku, na anaanza kuogopa kila kipele cha joto na kila alama ya mbu. Mara ya kwanza inaweza kuchukua dakika 40, kwa sababu unaijua ngozi yako upya. Baadaye dakika 15 zinatosha.

Oga kwanza. Ondoa kabisa mafuta ya kukinga jua, maana utando wake unajaza mikwaruzo na kidole kinateleza juu ya gamba bila kulihisi. Jipanguse, usijipake kitu. Andaa vioo viwili, kimoja cha ukutani na kimoja cha mkononi, kitana, rula ya mwanafunzi, simu, daftari na kalamu. Kwenye daftari chora mwili wa mtu mara mbili, mbele na nyuma. Mchoro ukiwa mbaya hauna shida, mradi sikio la kulia lijulikane ni la kulia.

Mwanga ni jambo ambalo watu wenye uoni wa kawaida husahau kuwaeleza. Mnaambiwa mkae kwenye mwanga mkali, na kwa jicho lenye ualbino mwanga mkali ni upofu. Tumieni mwanga wa saa 1 asubuhi, ndani ya nyumba, karibu na dirisha au mlango. Kaa ubavu ukielekea dirishani, au mwanga upite juu ya bega lako uangukie ngozi. Usikae ukilitazama dirisha. Taa ya umeme nayo iwekwe pembeni, chini ya usawa wa macho. Mwanga wa pembeni una faida nyingine: kinundu kidogo hutupa kivuli, na kivuli unaweza kukiona hata pale rangi ya kinundu inapokuponyoka.

Kupapasa kuna namna yake. Tumia sehemu laini ya kidole cha shahada na cha kati, ile iliyo upande wa pili wa kucha, si ncha wala kucha. Kwa wakulima, mafundi na akina mama wanaotwanga, vidole hivyo vimeota sugu na havihisi tena. Tumieni kidole kidogo, au upande wa nje wa vidole, ambao kwa kawaida hubaki laini. Jaribu hivi: papasa ngozi ya ndani ya mkono karibu na kwapa, mahali jua halifiki. Hiyo ndiyo ngozi yako halisi. Kisha papasa mgongo wa kiganja. Tofauti unayoihisi hapo ndiyo kipimo chako.

Kila eneo lipite mara mbili. Mara ya kwanza bila kukandamiza, kidole kikiteleza juu juu, kutafuta ukwaruzo. Mara ya pili kandamiza kidogo na kuzungusha, kutafuta ugumu ulio ndani ya ngozi. Watu wengi hufanya ile ya pili tu, kwa nguvu, na hapo ndipo magamba yanapopita bila kuhisiwa.

Anza juu, kwa kuwa kichwa, uso na shingo ndiko saratani hizi zinakoota zaidi. Utosi na mstari wa nywele kwanza. Gawanya nywele kwa kitana, upana wa vidole viwili kwa kila mstari, upapase ngozi ya kichwa. Dada zetu, fanyeni ukaguzi siku mnayofumua, kabla ya kusuka tena, na angalieni njia za nywele zilizokaa wazi juani wiki nzima. Paji la uso, panda za uso, kope, kisha pua: mgongo wake, pembeni, na kile kibonde kinapokutana na shavu. Vua miwani. Chini ya miwani na nyuma ya sikio inaposhika fremu huwa na mchubuko. Mchubuko wa miwani hupona ndani ya wiki moja au mbili fremu ikilegezwa. Usipopona, usiendelee kuilaumu miwani.

Masikio yastahili muda wako zaidi ya sehemu yoyote. Shika ukingo wa juu wa sikio kati ya gumba na kidole cha shahada, ushuke nao taratibu mpaka kwenye ndewe, ukiubinya. Ukingo unatakiwa uwe laini na unaokunjika kote. Kisha nyuma ya sikio, ndani ya mkunjo linapoungana na kichwa. Ni mahali pasipoonekana kwa kioo kimoja na pasipofikiwa na mafuta, na kapelo haikingi hapo hata kidogo. Anayevaa kapelo akague masikio na kisogo kwa makini maradufu, na akipata nafasi abadilishe avae kofia yenye ukingo wa sentimita 8 kuzunguka kichwa chote.

Mdomo wa chini uvute nje kwa vidole viwili, upapase kutoka pembe hadi pembe, nje na ndani. Mdomo uliokauka kwa kiu au kipupwe hupasuka pote na hupona ukipakwa mafuta. Mahali pamoja panapopasuka kila mara, palepale, au palipogeuka peupe na pagumu, paandikwe.

Shuka shingoni, kifuani juu ya kanga au ukosi wa shati, mabegani, mikono kuanzia juu hadi mgongo wa viganja na katikati ya vidole. Miguu chini ya goti, na sehemu ya juu ya unyayo ambako kandambili huacha alama. Maeneo yanayofunikwa na nguo yapitie haraka, lakini yapitie.

Mgongo, kisogo, utosi na nyuma ya masikio vinahitaji mtu mwingine. Vioo viwili kwa mwenye macho yanayocheza ni mateso, na mateso hayo ndiyo yanayowafanya watu waache kabisa. Mwombe mkeo, mumeo, dada au mama. Ninyi wasaidizi, kazi yenu ni kueleza mnachokiona na kukihisi: kiko wapi, kina ukubwa gani, kinakwaruza au kigumu, kinavuja au kikavu. Msimwambie "hiyo ni kawaida" ili kumtuliza, wala msishtuke kwa sauti. Maneno hayo yote mawili humfanya mwenzio asikuite tena mwezi ujao. Na kama hujazoea ngozi yenye ualbino, mwombe akuonyeshe kwanza madoadoa yake ya kahawia aliyonayo miaka yote. Hayo yenyewe si saratani, na yasikuchanganye.

Ukipata kitu, pima kwa rula, milimita ngapi kwa upana na urefu, uandike na tarehe, uweke alama kwenye mchoro. Kisha piga picha mbili, moja ya mbali inayoonyesha sehemu ya mwili na moja ya karibu, kama sentimita 20 hivi, rula ikiwa pembeni yake bila kukigusa. Tumia kamera ya nyuma ya simu, na ndugu apige. Kamera ya mbele mara nyingi ni dhaifu, na simu nyingi zimewekewa urembo unaolainisha uso wenyewe: unapiga picha ya gamba, simu inalifuta. Zimeni urembo huo kwenye mipangilio ya kamera. Usivute picha wakati wa kupiga. Piga kawaida, kisha ikuze kwenye kioo cha simu. Kwa wengi wenu hii itakuwa mara ya kwanza kuiona ngozi yenu wenyewe kwa uwazi, mkiwa mmeketi, bila kusogeza pua mpaka kwenye kioo.

Tuzungumzie makovu, kwa sababu ndiyo yanayowanyima usingizi. Kovu la upasuaji huwa jekundu, gumu na lenye kuwasha kwa miezi ya mwanzo, kisha hulainika taratibu. Hiyo ni safari yake. Linalotutia wasiwasi ni kovu lililokwisha kulainika kisha likaanza upya kuwa gumu mahali fulani, au kinundu kwenye ukingo wake. Libane kovu kati ya gumba na kidole, ulisogeze juu ya mfupa. Kama mwezi uliopita lilisogea na sasa limeshika, andika. Kama ulipandikizwa ngozi, kagua mpaka pale kiraka kinapokutana na ngozi yako, mzunguko mzima. Kiraka chenyewe mara nyingi hakina hisia, kwa hiyo usisubiri mpaka kianze kuuma.

Aliyegandishwa na nitrojeni atapata lengelenge ndani ya siku moja au mbili, kisha kigaga kinachodondoka baada ya wiki chache. Anayepaka fluorourasili ataungua na kuwa mwekundu kwa wiki zote za dawa na baada yake kidogo. Dawa inafanya kazi, na wengi huiacha katikati kwa kudhani imewadhuru. Ukague tena eneo hilo kama miezi miwili baada ya kumaliza dawa. Aliyepigwa mionzi ngozi yake hubaki nyembamba na kavu, nywele hazioti hapo, na vijishipa vyekundu vinaweza kuonekana. Kidonda kipya ndani ya eneo la mionzi, hata kama kimepita miaka, kionyeshwe.

Baada ya ngozi, papasa tezi. Saratani ya kichwa na uso ikisambaa hupitia huko: mbele ya sikio, nyuma ya sikio, chini ya taya, na ubavuni mwa shingo mpaka kwenye mtulinga. Ya mkono huenda kwapani, ya mguu kwenye kinena, mahali pa mtoki. Tezi ndogo laini inayoteleza chini ya kidole huwapo kwa watu wengi wazima. Iliyozidi sentimita 1, ngumu, isiyosogea, au iliyodumu zaidi ya wiki 2 bila homa wala jino bovu, hiyo ni ya kuonyeshwa.

Yapo mambo yasiyosubiri zile wiki 4. Kinundu kinachokua wiki hadi wiki. Kinachouma kwa kuguswa tu. Damu inayorudi bila kujikwaruza. Na hili linasahaulika mno: ganzi, kuhisi kama wadudu wanatambaa chini ya ngozi, au upande wa uso kulegea karibu na mahali ulipotibiwa. Saratani inaweza kufuata mshipa wa fahamu huku ngozi ya juu ikionekana imetulia. Nenda wiki hiyohiyo.

Na kabla ya kwenda, usipake kitu. Zile krimu za mchanganyiko zinazouzwa maduka ya dawa, nyingi zina steroidi. Zinafifisha wekundu, kidonda kinaonekana kutulia, na miezi inakwenda. Usikibandue wala kukichoma. Kifunike kwa kitambaa safi, ukipeleke kilivyo.

Zahanati, usiseme tu "nina kidonda," kwa sababu utapewa dawa ya kupaka na kurudishwa nyumbani. Sema hivi: "Nina ualbino. Nimewahi kutibiwa saratani ya ngozi. Hiki kina wiki 5, kilikuwa milimita 4, sasa ni 9. Naomba rufaa kwenda kliniki ya ngozi." Fungua daftari, onyesha picha. Maneno hayo yana kila kitu anachohitaji mhudumu ili aandike rufaa, iwe ya hospitali ya mkoa au moja kwa moja hospitali kubwa za Tanzania: KCMC Moshi, Bugando Mwanza, Muhimbili au Ocean Road Dar es Salaam, kutegemea ulipo.

Ukikatwa kinyama cha kupimwa, uliza majibu yatatoka lini na nani atakupigia, na acha namba mbili, yako na ya ndugu. Simu hubadilishwa, na majibu ya maana sana hulala kwenye faili kwa sababu namba haipatikani. Majibu yakitoka, omba nakala na uliza: ni aina gani, kingo za kilichokatwa zilikuwa safi au zimeguswa na saratani, na nirudi lini. Kwa saratani ya skwamosi, zinazorudi nyingi hurudi ndani ya miaka 2 ya kwanza. Kwa hiyo katika kipindi hicho tarehe za kliniki, kila miezi 3 hadi 6 kadiri daktari atakavyokupangia, zishikwe hata kama ukaguzi wa nyumbani haujaonyesha kitu.

Ndugu msio na ualbino, nanyi mna la kuangalia mkiwa mmeshika kioo. Kwa ngozi nyeusi melanoma hupenda nyayo, viganja na chini ya kucha. Bob Marley aligunduliwa nayo kwenye kidole cha mguu mwaka 1977, na akafariki mwaka 1981 akiwa na miaka 36. Mstari mweusi unaopanuka chini ya ukucha mmoja, au weusi uliotoka kwenye ukucha ukaingia kwenye ngozi, uonyesheni. Na kovu la zamani la moto au kidonda cha mguu cha miaka mingi kikianza kuota nyama, msikipuuze.

Kuhusu jua mmeshasikia sana, nasi tutapita haraka: mikono mirefu, kofia pana, kivuli kati ya saa 4 asubuhi na saa 10 jioni, mafuta ya kukinga jua kila baada ya saa 2 ukiwa nje, kijiko cha chai kwa uso na shingo. Kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi pale KCMC ndiko ilikoanzia kazi ya kutengeneza mafuta hayo kwa ajili ya wenye ualbino, na hiyo ni kazi ya kuheshimiwa. Kila 13 Juni, siku ya kimataifa ya uelewa kuhusu ualbino tangu mwaka 2015, kofia na mafuta hugawiwa. Tunaomba waandaaji waongeze kioo cha mkononi na daftari. Gharama yake ni ndogo, na vitu hivyo vinafanya kazi ambayo kofia haiwezi: kumwonyesha mtu kilichokwisha kuota.

Mwisho, wenzetu wahudumu. Kujiamini kwa mgonjwa hakutoki kwenye kipeperushi. Mnapompata mtu mwenye gamba la jua, kabla ya kuligandisha, shikeni kidole chake mkiweke juu ya gamba. Apapase, kisha apapase ngozi safi ya pembeni, kisha arudi. Mwachieni atafute la pili peke yake; kwa kawaida lipo. Akilipata, muulizeni angefanya nini kama lingekuwa halijapona wiki 4, na mwacheni ajibu kwa maneno yake. Kazi hiyo ni ya dakika 3. Mwonyesheni na msaidizi wake nyuma ya masikio. Andikeni kwenye mchoro wake vitu vyote mlivyoviona siku hiyo, vikiwa na milimita zake, ili mwezi ujao awe na cha kulinganisha.

Sasa tugawane vioo. Kila mmoja akae na msaidizi wake, ubavu uelekee dirishani, vueni miwani na kofia. Tunaanza na ukingo wa sikio la kulia.